Printi ya Soo Mbili

Leo nataka tubonge kuhusu printi na katuni, vitu mbili zenye zimenishika roho hadi siwezi pita pakiti ya maziwa imetupwa bila kuiokota. Mi ni msanii wa Eastlands. Nachonga, nachapa, napanga maboksi za katuni, alafu nauza printi moja soo mbili. Kuna wasee wa magalari huniambianga hiyo bei inanishusha. Mi naona hiyo bei ni sehemu ya kazi, sawa na wino na karatasi. Tulia nikuchanue.

Bloku moja, kuta thelathini

Kanvasi ni poa, na hapa Nai kuna wasee wanapaka rangi hadi unasimama unashangaa. Lakini kanvasi ni moja. Ikishauzwa inaingia kwa sebule ya mdosi mmoja huko Karen ama Runda, geti inafungwa, na mtaa wenye umechorwa hapo ndani hauioni tena. Printi inatembea kivingine. Unachonga ubao, unapitisha rola ya wino, unalaza karatasi juu, unasugua mgongo wake na mwiko, unainua pole pole. Alafu unarudia. Kila karatasi yenye inatoka hapo ni orijino, juu hakukuwa na picha ingine ya kwanza yenye hizi zimekopi. Chini unaandika namba na penseli: 7/30, yaani hii ni ya 7 kati ya 30. Ikifika 30 unaipiga bloku mkwaruzo isichapike tena, na hiyo ni ahadi kwa wenye walinunua.

Piga hesabu. Printi 30 kwa soo mbili ni ngiri sita. Hiyo inalipa keja ya chumba kimoja kwa mitaa mingi za Eastlands, na wakati huo huo wasee 30 wako na sanaa kwa ukuta: kwa bedsita, kwa kinyozi, kwa kibanda ya chapo madondo. Nikiambiwa nichague kati ya ukuta moja ya Runda na kuta 30 za mtaa, sichukui hata dakika.

Na hii kitu iko na wazee wake. Frans Masereel, chali wa Ubelgiji, huko 1918 na 1919 alikuwa anachonga mbao na kutoa vitabu nzima za picha bila maneno, story za watu wa kawaida wakipambana na jiji kubwa. Ujerumani zikatolewa kwa bei ya chini ndio hata msee wa kiwanda aweze kununua. Hapo printi na katuni zilishikana mkono kabisa. Kwetu Afrika, John Muafangejo wa Namibia alichonga lino zenye picha na maandishi zimekaa pamoja kwa karatasi moja, nyeusi kwa nyeupe, watu, wanyama, kanisa, vita. Alisomea Rorke's Drift, Afrika Kusini, akaaga 1987, na hadi leo ukiona kazi yake unajua ni yake kabla usome jina. Hapa nyumbani tuko na Peterson Kamwathi, mkali wa printi za mbao na michoro za makaa. Tuko na Dennis Muraguri, yeye anachonga nganya: mathree zimejaa grafiti, zimechongwa kwa mbao kubwa kubwa hadi unaskia ngoma ikidunda ndani.

Stoo yetu ni mtaa

Ukisoma vitabu za printi za majuu, unaambiwa ununue lino, seti ya patasi na presi ya chuma. Ukiuliza bei unaskia kizunguzungu. Lakini graundi iko na majibu zake.

Anza na lino. Unajua ule mkeka wa mbao, plastiki ya kutandika sakafu yenye imejaa kwa mabedsita? Fundi akimaliza kutandika anabakinga na vipande, na hana kazi nazo. Zile nzito zinachongeka fiti, bora usizamishe kisu sana. Baridi ya Julai ikikaza zinakuwa ngumu na patasi inateleza, so nazianika jua kwanza, ama nazikalia nikinywa chai hadi zipate joto. Kwa picha kubwa naenda Gikomba kusaka mabaki ya plaiwudi. Mistari ya mti inatokea kwa printi, na mara nyingi inafaa kwa mvua, kwa moshi, kwa ukuta ya mabati.

Patasi nazo ziko kwa mwavuli. Zile mbavu za chuma zenye zimekunjwa hivi, U, ukikata kwa pembe na kunoa na jiwe, unapata kisu cha kuchonga mstari mwembamba safi. Funga kwa kipande ya mti ndio isikukate mkono. Mafundi wa miavuli wako kila kona ya tao mvua ikinyesha, na mbavu zimevunjika kwao ni taka.

Sasa pakiti ya maziwa. Ile ya karatasi nzito, yenye ndani inang'aa. Fungua, osha, kausha. Upande wa kung'aa unakwaruza na msumari ama kampasi ya hesabu. Unapaka wino mzito uingie kwa mikwaruzo, unafuta juu na gazeti, unalaza karatasi imelowa kiasi, unafinya kwa presi. Wino unatoka kwa mikwaruzo unapanda kwa karatasi. Kenye hunibamba zaidi ni mikunjo za pakiti. Zinajichapa zenyewe, mistari zenye hukuchora, juu hiyo pakiti ilikuwa na maisha yake kabla ikupate.

Presi je? Wasee wa jua kali pale Kamukunji wanatengeneza majiko na masanduku za shule toka asubuhi hadi jioni. Mashini yenye kazi yake ni kufinya, yaani rola mbili za chuma, meza katikati na usukani, haiwezi washinda. Wapelekee mchoro na vipimo, alafu tafuteni doo na mbogi yako, mashini ikae kwa studio ya pamoja.

Alafu kuna Riso. Kama umesomea Kenya, umeshika karatasi ya Riso hata kama hukujua jina. Zile papers za CAT na mock, zenye zinakam na ka-harufu ka wino, ukipitisha kidole inabaki nyeusi. Hiyo mashini imetoka Japani, na imekuwa sokoni tangu miaka ya 1980. Inachoma vitundu vidogo kwa karatasi ya masta, inaivalisha dramu, dramu ikizunguka wino unapenya kwa vitundu. Dramu moja, rangi moja. Gharama kubwa iko kwa masta. Ukiendelea kuchapa, kila kopi inazidi kuwa ya chini, na ndio maana mashule zinaipenda. Huko majuu wasanii wanaisaka sana, wanajenga mastudio nzima juu yake, juu rangi zake zinawaka na hazikai sawa sawa: nyekundu inasonga kando kidogo ya nyeusi, picha inapata uhai. Sisi tuko nayo tao, upande wa River Road, inachapa hesabu za mtihani. Nikapeleka kurasa za katuni kwa duka ya kuchapa mitihani yenye iko na dramu ya pili, nikaomba karatasi ipite mara mbili, kwanza nyeusi, alafu nyekundu. Fundi wa mashini akauliza hii ni paper ya somo gani iko na makanga. Akakaa hapo akasoma kurasa zote, akaomba yake ya kubaki nayo.

Hadi litografi, ile ya kuchapa na jiwe yenye Alois Senefelder aligundua Ujerumani miaka ya 1790, inategemea gundi ya mgunga kulinda sehemu zenye hazifai kushika wino. Huo mti uko Turkana, uko Samburu, uko Wajir. Watu wa huko wanavuna hiyo gundi, inapakiwa, inaenda ng'ambo. So msee asikushow ati printi ni kitu ya wazungu. Dawa yake inatoka kwa miti zetu.

Katuni ndio ilitulea

Wengi wetu tulisoma picha kabla tusome maneno. Gazeti ya fathe ikiingia kwa keja, watoi walikuwa wanapigania ukurasa wa katuni. Taifa Leo ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, na huyo Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa Nairobi akipambana na kodi, boma na mdosi. Maddo akatupatia ukurasa mzima wa vituko za Kenya. Gado akatoka Tanzania akatua hapa, na tangu miaka ya 1990 amechora wakubwa bila kuwapunguzia. Frank Odoi wa Ghana aliishi Nai akachora Akokhan, katuni ya nguvu za Kiafrika, wakati wengi walidhani shujaa lazima avae kepu na aruke juu ya New York.

Alafu 2010 Shujaaz ikaland. Boyie, kijana mwenye anaendesha redio ya siri kutoka kwa chumba yake, story zote ndani ya Sheng, na ilikuwa inapeanwa bure ndani ya Saturday Nation na kwa maduka za M-Pesa. 2012 ikabeba Emmy ya kimataifa upande wa dijitali. Mi naangalia zaidi kenye ilifanya mtaani. Ilithibitisha ukichapa kwa lugha yenye watu wanabonga, alafu ufikishe karatasi penye watu wako, watasoma, watapitishiana hadi iraruke.

Ndio maana katuni zangu nachonga na Sheng. Na hiyo ni kazi, juu printi inageuza kila kitu. Kushoto inakuwa kulia. So maneno za msee unazichonga zikitazama nyuma, herufi moja moja. Njia rahisi ni kuandika kwa karatasi ya kutresi, kuigeuza, alafu kuipitisha kwa bloku na kaboni. Ukichonga neno kwa muda mrefu hivyo, unaanza kuchagua. Maneno za kujaza zinatoka. Inabaki ile sentensi yenye konda angesema kweli, akiwa na haraka, mlango ukiwa wazi.

Sauti pia nazichonga za huku. Mvua kwa mabati haifanani na mvua kwa katuni za Marekani. Konda akigonga bodi ya mathree kuna mlio wake, na dere anaujua. Nduthi ikipanda kilima ya Kangemi inalia yake. Hizo herufi naziacha kubwa, nzito, zinaingia hadi kwa boksi inayofuata, juu Nai haikai kwa boksi yake.

Majaribio zenye zimenibamba

Kuna njia ya kuchapa rangi nyingi na bloku moja tu. Unachonga kidogo, unachapa rangi ya kwanza kwa karatasi zote. Unarudi unachonga tena bloku ile ile, unachapa rangi ya pili juu. Kila hatua inakula kenye kilikuwa hapo. Hakuna kurudi; bloku ya jana imeisha. Nikaangalia hiyo njia nikaona iko na story ndani. Huku Eastlands kuna mitaa za kanjo zenye zilijengwa wakati wa mkoloni, kama Kaloleni ya miaka ya 1940, na maongezi ya kubomoa na kupandisha maghorofa hayaishi. So nikachonga nyumba moja ya zamani, na mti, na kamba ya nguo, na mathe kwa mlango. Nikaichapa, hiyo ikawa boksi ya kwanza. Nikatoa mti kwa bloku, nikachapa boksi ya pili. Nikatoa kamba. Nikatoa mlango. Boksi ya mwisho, bloku haina kitu ingine: ni mathe pekee bado amesimama. Singeweza kuichonga upya hata nikilipwa. Watu wenye wameishi hizo keja walielewa bila maneno.

Ya pili ilitoka kwa pakiti ya maziwa. Hiyo foili ya ndani haikai sana. Ukiifinya kwa presi mara kadhaa, mikwaruzo inalala, picha inaanza kufifia. Vitabu zinasema hiyo ni udhaifu. Mi nikaitumia kuchora cucu mwenye anasahau. Sura yake, ikichapwa kutoka kwa pakiti moja, ukurasa baada ya ukurasa: kwanza makunyanzi zote ziko wazi, alafu macho zinapungua, alafu jina la mjukuu kwa kiputo halisomeki. Sikuongeza mbinu yoyote. Foili yenyewe ilisahau. Kuna manzi aliinunua akaniambia atampelekea mathe yake ushago, juu wako na shosho wa hivyo kwa boma. Hapo nilijua printi imefika penye ilikuwa inaenda.

Ya tatu ni ya kinyozi. Nilichapa ukurasa wa katuni na viputo zote tupu. Wasee wawili kwa base, polisi anakuja, mbuzi anapita, mvua inaanza. Nikabandika kwa ukuta ya kinyozi na penseli imening'inia na uzi. Wasee wakingoja kunyolewa wakaanza kuandika. Mmoja alifanya mbuzi awe mheshimiwa. Mwingine akaandika story ya kweli ya venye alishikwa na karao akitoka job. Mtoi wa primo akafanya yote iwe mpira, Gor na AFC. Picha moja, na kila msee ametoka na katuni yake. Hiyo ilinifunza katuni haihitaji mimi nijue kila kitu. Inahitaji niache nafasi.

Nyeusi iko na uzito

Watu huniuliza mbona mara nyingi nachapa nyeusi tupu kwa karatasi nyeupe na kuna rangi kibao. Nyeusi inaonekana mbali, inachapika na doo kidogo, na haifichi. Juni 2024, Gen Z waliposhuka tao kupinga Finance Bill, tuliona nguvu ya kadibodi na maka peni: maneno matatu, mchoro mmoja, na nchi nzima imeelewa. Mwishoni mwa huo mwaka kila simu ilikuwa na michoro za vivuli za Gideon Kibet, mwenye wengi wanamjua kama Kibet Bull. Vivuli vyeusi tu, hakuna sura, na kila mtu anajua ni mkubwa gani. Desemba 2024 akatoweka, na vijana wengine pia, nchi ikakaa ikiuliza wako wapi. Alipatikana Januari 2025. Tangu hapo, msee akiniambia katuni ni mchezo wa watoi, namwambia mchezo haufanyi mathe wa watu akose usingizi. Mstari mweusi ni neno, na msanii anafaa ajue anabeba nini akishika patasi. Mi bado nashika.

Tuanze na kenye tuko nayo

Mtaa umeshaonyesha uko na uwezo. Maasai Mbili pale Kibera ilianzishwa na wasee wa kuandika vibao za maduka. Wajukuu ya Mukuru, upande wa Lunga Lunga, ilifika maonyesho ya sanaa ya documenta fifteen huko Kassel, Ujerumani, 2022, na ikarudi na tuzo ya Arnold Bode. Hao hawakungoja mtu awafungulie mlango. Walifungua studio mtaani, watoi wakaingia, kazi ikakua.

So kama uko na mkono wa kuchora na unangoja upate vifaa za bei, wacha kungoja. Wikendi hii tafuta pakiti ya maziwa, msumari na wino ya kuchapisha. Chora kenye unaona kwa dirisha yako. Wewe mwalimu wa shule yenye iko na Riso, mitihani zikiisha wachia watoi ukurasa mmoja wa katuni kila muhula. Masta moja haitafilisi shule. Wewe mwenye galari, weka printi za mtaa kwa meza yako na bei yenye konda anaweza lipa. Na wewe mwenye unasoma hii, soo mbili ni kama nauli ya kwenda tao na kurudi. Nunua printi ya msanii wa mtaa wenu, angalia namba yake chini kwa penseli, alafu itundike penye watu wataiona.